Mashine isiyojua pesa iko wapi isiseme 'jaribu tena'

Kuna ujumbe wa simu ambao ningependa sheria ya nchi hii iukomeshe: "Malipo yameshindikana. Tafadhali jaribu tena." Malipo hushindikana kila siku, na mteja ana haki ya kujulishwa. Ninachopinga ni mashine kutamka maneno hayo ilhali haijui kama malipo yameshindikana, yamepita au bado yako njiani. Kwa aliyeiunda mashine hiyo, huo ni ujumbe mfupi tu. Kwa mkazi wa Nyalenda, mtaa wa hapa Kisumu, ni agizo la kutoa pesa mara ya pili.

Nasema haya kama mtu wa kazi yenyewe. Ninaishi Nyalenda B, si mbali na Ring Road, na riziki yangu ni kutunza seva zinazopitisha malipo ya maduka, shule na vyama vya akiba. Kompyuta ninazozitunza ziko mbali na Kisumu, lakini wanaoumia zinapokosea ninakutana nao kila asubuhi nikienda kununua mandazi.

Hapa mtaani pesa hutembea kidogo kidogo. Maji tunayanunua kwa mtungi, makaa kwa mkebe, mafuta ya kupikia kwa kipimo, stima kwa tokeni ya Sh50 au Sh100. Mama anayekaanga samaki huamkia ufuo wa Dunga kuwangoja wavuvi, hununua, hurudi akakaanga, na jioni faida na mtaji vyote vimo katika simu moja. Tangu M-Pesa ianzishwe Machi 2007, simu hiyo imekuwa pochi, benki na daftari la madeni. Mwenye mshahara akikatwa mara mbili hukasirika, kisha hungoja arudishiwe. Mwenye mtaji wa siku moja akikatwa mara mbili, kesho yake hana cha kuuza.

Ndivyo ilivyompata jirani yangu, mama wa makamo anayeuza samaki wa kukaanga. Aliagiza mafuta ya Sh2,400 kutoka duka moja la jumla mjini na kulipa kwa simu. Ujumbe wa kwanza ulisema pesa imetoka. Ujumbe wa pili, wa duka, ulisema malipo yameshindikana, ajaribu tena. Akatii. Pesa ikatoka mara ya pili. Alikuja mlangoni kwangu akiwa ameishika simu kwa mikono miwili.

"Nyathina (mwanangu)," aliniambia, "kwangu imetoka, kwa duka haijafika. Sasa iko wapi?"

"Mama, usilipe tena," nilimjibu. "Tutaitafuta."

Ilirudi baadaye, baada ya simu nyingi na safari za kwenda dukani. Lakini kwa muda wote huo karai lake lilikuwa nusu tupu, na wateja wake walikula kwingine. Swali lake ndilo ninalotaka tulijadili kama taifa: pesa ikishatoka kwa mtu na haijafika kwa mwingine, iko wapi, na ni nani mwenye wajibu wa kusema?

Kampuni inayopitisha malipo ya duka lile ilikuwa imepokea malalamiko mengi ya namna hiyo. Nilipoitwa kuziangalia seva zake nilikuta hali inayowasumbua mafundi wengi. Seva hazikuwa zimezimika. Kichakata kilikuwa karibu kimelala. Kumbukumbu za mfumo hazikuonyesha kosa lolote. Hata hivyo miunganisho ilikuwa ikianza na kukwama palepale mwanzoni, kabla ya neno lolote kusomwa, hasa saa ambazo wateja ni wengi.

Hapo mwanzoni ndipo usimbaji fiche hufanya kazi yake nzito. Kompyuta mbili zinazotaka kuzungumza kwa siri hukubaliana kwanza juu ya funguo, na upande wa seva hulazimika kupiga hesabu kubwa kwa kutumia ufunguo wake wa siri. Programu nyingi hazipigi hesabu hizo zenyewe. Huziachia maktaba ya programu iliyoandikwa na wataalamu, na mojawapo ya maktaba zinazotumika zaidi duniani ni OpenSSL. Mradi huo ulianza mwaka 1998 juu ya msingi wa SSLeay, kazi ya Eric Young na Tim Hudson. Wengi waliisikia mara ya kwanza Aprili 2014, ulipotangazwa udhaifu ulioitwa Heartbleed, na dunia ikagundua kwamba maktaba iliyobeba siri za benki na serikali ilikuwa ikitunzwa na watu wachache mno, kwa michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka.

Toleo la 1.1.0 la maktaba hiyo, lililotoka Agosti 2016, lilileta uwezo mpya. Seva yenye kifaa maalumu cha kupiga hesabu za siri, kama kile cha Intel kiitwacho QuickAssist, haina haja ya kukaa bure ikingoja kifaa kimalize. Hukabidhi hesabu, huiweka kazi hiyo pembeni, humhudumia mteja mwingine, kisha huirudia kifaa kinapotoa ishara kwamba jibu liko tayari. Ni mpangilio mzuri. Mwisho wa mwezi, au wiki ya kufungua shule wazazi wote wanapolipa karo kwa pamoja, ndio huiwezesha seva moja kuhudumia umati.

Lakini mpangilio huo unamtaka mwandishi wa programu awe mwangalifu. Ukiikabidhi maktaba kazi ya aina hiyo, inaweza kukujibu kwa njia nne: kazi imekamilika, kazi imesimama kwa muda, hakuna nafasi ya kuanzisha kazi nyingine kwa sasa, au kuna hitilafu. Majibu manne yenye maana nne. Jibu la pili ndilo linalopotosha wengi. Ni sawa na kumpelekea fundi cherehani kitambaa, ukirudi akuambie bado. Kitambaa kimeshakatwa, na unachotakiwa kufanya ni kurudi baadaye na tikiti ileile. Ukitoka pale ukanunua kitambaa kingine na kumpelekea upya, utakuwa na nguo mbili ambazo hazijaisha, na meza ya fundi itajaa mpaka akatae wateja.

Programu ya kampuni ile ilikuwa imeandikwa kana kwamba dunia ina majibu mawili tu, ndiyo na hapana. Chochote ambacho si "imekamilika" kilihesabiwa kuwa "imeshindikana". Kazi ikisimama kwa muda, programu iliitelekeza na kuanzisha nyingine. Zile zilizotelekezwa ziliendelea kushikilia kumbukumbu na nafasi zao. Idadi ya juu iliyoruhusiwa ilipofikiwa, maktaba ilijibu kwamba hakuna nafasi, na jibu hilo nalo likasomwa kama hitilafu. Kilichokuwa foleni ya kawaida kikageuka kuwa mkwamo.

Palikuwa na kasoro nyingine iliyojificha zaidi. Sehemu moja ya programu ilikuwa ikifunga kufuli ili kulinda data, kisha kazi inasimama kwa muda huku kufuli limefungwa. Kazi nyingine katika mkondo uleule (thread) ikija kutaka kufuli hilo, inangoja. Ya kwanza haiwezi kuendelea mpaka irudiwe, na ya pili haimruhusu yeyote airudie. Zote zinangojana bila mwisho, kimya, bila kosa lolote kuandikwa. Wenye maktaba waliliona jambo hili mapema na wakaweka njia ya kuizuia kazi isisimame wakati imeshika kufuli. Maelezo yao pia yanasisitiza kwamba kazi iliyosimama lazima iendelezwe na mkondo uleule ulioianzisha. Yote hayo yameandikwa. Kilichohitajika ni mtu wa kuyasoma, na mwajiri wa kumpa muda wa kuyasoma.

Namna ya kuipata kasoro ya aina hii ni ya kawaida, na ninaieleza kwa ajili ya vijana wanaosomea kazi hii. Kwanza zima mpangilio wa kukabidhi kazi na uiache seva ifanye hesabu zake yenyewe. Mkwamo ukiisha, hata kama seva imekuwa nzito, umeshajua pa kutafuta. Kisha tumia injini ya majaribio inayokuja na maktaba yenyewe, inayojifanya kifaa cha nje, ili uone mwenendo uleule bila kuyagusa malipo ya watu. Halafu ipe kila kazi namba, na uandike namba hiyo inapoanza, inaposimama, inapoendelea na inapoisha. Mwishowe linganisha zilizoanza na zilizoisha. Kwa kampuni ile, zilizoanza zilizizidi mno zilizoisha. Ndani ya tofauti hiyo ndimo zilimokuwa pesa za yule mama.

Sababu ni hii. Anayelipa kwa simu huletewa ombi la kuweka namba ya siri. Katika Daraja, mfumo ambao programu za wafanyabiashara huutumia kuzungumza na M-Pesa, ombi hilo hupokelewa papo hapo na kupewa namba ya kumbukumbu, lakini matokeo hayaji papo hapo. Hutumwa baadaye kwenye anwani ya mfanyabiashara, kwa muunganisho uliosimbwa. Kama matokeo hayajafika, ipo njia ya kuuliza kwa namba ileile: ombi hili limeishia wapi? Kwa maneno mengine, walioujenga mpangilio huo walijua kwamba kusubiri ni sehemu ya kazi. Kwa kampuni ile, muunganisho uliobeba habari kwamba pesa imeingia ndio ulikwama mlangoni. Kampuni haikuuliza. Muda iliojiwekea ulipokwisha, ikamtumia mteja ujumbe wa kujaribu tena.

Hapa ndipo ninapoacha kuzungumza kama fundi na kuzungumza kama raia. Kazi kukwama ndani ya seva ni jambo la kiufundi, na hurekebishwa kwa mistari michache ya programu. Lakini maneno anayotumiwa mteja huchaguliwa na watu waliokaa kikaoni. Mtu fulani aliamua kwamba kimya kihesabiwe kushindwa. Mtu fulani aliona ni nafuu mteja alipe mara mbili na kufuatilia pesa zake mwenyewe kuliko kampuni kuuliza swali moja kwa namba iliyokwisha kuwa nayo. Hasara ya kutojua ikahamishwa kutoka kwa mwenye seva hadi kwa mwenye karai.

Nimewasikia wenye kampuni wakijitetea kwamba mteja akiambiwa "malipo yako bado yanashughulikiwa" atachanganyikiwa na kukimbilia kwa mshindani. Hoja hiyo inawadharau watu. Wakenya wanaelewa kusubiri kuliko taifa lolote ninalolijua, mradi wajue wanasubiri nini. Ushahidi tunao. Tokeni ya stima yenye tarakimu 20 ni ujumbe uliosimbwa, na hadi 2024 ndani yake mlikuwa na hesabu ya dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993. Nafasi iliyotengewa hesabu hiyo ni biti 24, zinazotosha dakika 16,777,216 tu, ambazo ni karibu miaka 32. Kwa hivyo dunia nzima inayotumia mita za mfumo huo ilijua kwamba Novemba 24, 2024 hesabu ingeisha, na mita ambayo haijasasishwa isingekubali tokeni mpya. Kenya Power iliendesha kampeni, ikatuma tarakimu za ziada, na watu wakaziingiza kwa mpangilio, kundi baada ya kundi. Hapa Nyalenda nilimwona bibi asiyevaa miwani akisomewa tarakimu na mjukuu huku akizibonyeza mwenyewe. Watu walielezwa ukweli wa mashine mapema, nao wakaumudu.

Tumeuona pia upande wa pili. Julai 2023 kundi lililojiita Anonymous Sudan liliishambulia eCitizen, jukwaa la huduma za serikali mtandaoni, na aliyekuwa waziri wa mawasiliano, Eliud Owalo, akathibitisha shambulio hilo. Huduma nyingi za serikali zilitatizika, na hata kununua tokeni za stima kwa simu kukawa taabu. Siku kama hizo ndizo zinazopima mifumo yetu. Mfumo ulioandikwa vizuri huweza kumwambia mteja kwamba ombi lake halijapata jibu na kwamba asilirudie. Mfumo ulioandikwa kwa majibu mawili humsukuma alirudie, na kila anayelirudia huongeza mzigo juu ya mfumo ambao tayari umelemewa.

Wapo pia mafundi wanaosema dawa ni kuachana kabisa na mpangilio huu wa kukabidhi kazi, seva ifanye jambo moja hadi mwisho ndipo ishike jingine. Nawaheshimu, kwa kuwa urahisi una thamani yake. Seva ya duka moja dogo inaweza kuishi hivyo. Seva inayohudumia kaunti nzima haiwezi, na hata ikiwezeshwa, malipo yenyewe yatabaki kuwa safari yenye vituo: simu, mtandao, benki, kampuni ya kati, duka. Kusubiri hakuondoki kwa kuandika programu isiyojua kusubiri. Wahenga walisema ngoja ngoja yaumiza matumbo, nao walikuwa wanazungumzia kungoja kusikokuwa na habari.

Ninapendekeza mambo matatu. La kwanza ni kwa Benki Kuu ya Kenya, inayosimamia malipo chini ya Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Malipo ya mwaka 2011 na kanuni zake za 2014. Iweke sharti kwamba kila anayepokea malipo kwa simu atoe majibu matatu yaliyo wazi: yamekamilika, yameshindikana, bado yanasubiri, na kila jibu liwe na namba ya kumbukumbu. Neno "yameshindikana" litumike tu pale mtandao wa malipo wenyewe umethibitisha kwamba pesa haikutoka, au imesharudishwa.

La pili ni kwa kampuni. Oda moja ilipiwe mara moja. Mteja akibonyeza tena kwa oda ambayo malipo yake bado yanasubiri, mfumo uulizie yale ya kwanza kwa namba yake badala ya kufungua mengine. Na pesa zilizokwama zirudi zenyewe baada ya muda uliotangazwa, bila mteja kupoteza siku ya biashara kwenda kuzililia dukani. Programu ya kufanya hivyo si ghali. Nimeiandika, na wenzangu wengi wa hapa Kisumu wanaweza kuiandika.

La tatu ni kwa vyuo vyetu, kuanzia Maseno hadi Kisumu National Polytechnic. Tunawafundisha vijana kujenga kurasa zenye vitufe vya kupendeza, nao wanajifunza haraka. Tuwafundishe pia kinachotokea baada ya kitufe kubonyezwa: kazi inayosimama katikati, kufuli lisilofunguliwa, jibu linalochelewa. Wasome maktaba wanazozitegemea, na watakaoweza wachangie marekebisho. OpenSSL iko wazi kwa yeyote, na kasoro ikionekana Kisumu inaweza kurekebishwa kutoka Kisumu.

Wewe msomaji usingoje sheria. Ukikatwa pesa na ukaambiwa ujaribu tena, hifadhi ujumbe wa kwanza na namba yake, na usibonyeze tena. Uliza kwa namba hiyo malipo yako yako hatua gani. Wasipokujibu, peleka malalamiko kwa maandishi, namba ikiwa juu ya barua. Kampuni inayotaka biashara yako ina deni la kukupa jibu kabla ya kukuomba shilingi nyingine.